Barua kwa mwanangu: Wanatubu kweli, au wanatafuta sabuni?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Dodoma. Sisi wazima, mama yako goti limepoa, na mvua imetuachia kidogo.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mchungaji wenu hapo Gongo la Mboto amekuomba uingie kwenye timu ya huduma ya magereza inayokwenda Segerea, kwa kuwa wewe ni muuguzi na akina mama wa kule wanahitaji mtu wa kuzungumza naye. Kabla hujamjibu, unaniuliza mimi: "Baba, wewe umekwenda gereza la Isanga miaka yote hii. Niambie ukweli. Wanatubu kweli, au wanatafuta sabuni na msamaha wa Rais?" Jambo hilo haliishi kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na sabuni. Wanaitafuta, mwanangu, tena sana. Kuna mtu yuko mahabusu, ndugu zake wako mbali huko Mpwapwa, nauli hawana, na hakuna wa kumletea hata mswaki. Tukipeleka sabuni za miche tunazikabidhi kwa askari, zinakaguliwa, ndipo zinagawiwa. Nilimwona mzee mmoja akigawa mche mmoja kwa wenzake. Alichomoa uzi kwenye pindo la fulana, ncha moja akaibana kwa meno, akaukata mche vipande sita. Akawaacha wenzake wachague, yeye akachukua kilichobaki. Sikumwuliza kama ameokoka.

Aliyekuja ibadani kwa ajili ya sabuni amekuja na haja ya kweli. Bwana Yesu alijua watu wanamfuata kwa sababu walikula mikate wakashiba, akawaambia hivyo wazi. Lakini mikate alikuwa ameshawapa.

Huo msamaha wa Rais nao, watu wa nje wanauwazia vibaya. Ni mamlaka ya Rais kwa Ibara ya 45 ya Katiba, na vigezo vyake ni mambo kama kosa, muda uliotumikiwa, umri na afya. Sisi wa kanisani hatusaini chochote. Unakumbuka tarehe 9 Desemba 2017, sherehe za Uhuru zilipofanyika hapa kwetu Uwanja wa Jamhuri? Siku ile Rais Magufuli aliwasamehe watu 61 waliokuwa wanasubiri kunyongwa, na wafungwa wengine 8,157 wakapata msamaha, 1,828 kati yao watoke mara moja. Mji mzima ulikuwa unazungumzia waliotoka. Sisi tulipoingia tena tulikutana na waliobaki. Kwaya iliimba, ila sauti zilikuwa pungufu, kwa sababu baadhi ya waimbaji walikuwa wameondoka na wengine walikuwa hawana moyo wa kufungua kinywa. Hata hivyo walikuja, wakakaa kwenye mabenchi, na jina la hata mmoja wao halikuwamo kwenye orodha. Kama ibada ilikuwa njia ya kuusaka msamaha, siku ile hawakuwa na sababu ya kuja.

Swali lako lina wazee wake. Charles Colson, aliyekuwa msaidizi wa Rais Nixon wa Marekani, alitangaza kuwa amempokea Kristo wakati kashfa ya Watergate, ile iliyomwondoa Nixon madarakani, inamzunguka. Wengi walimcheka, wakasema ni janja ya kutafuta huruma. Akafungwa mwaka 1974, akatoka, na mwaka 1976 akaanzisha Prison Fellowship, huduma ya wafungwa ambayo baadaye ilifika nchi nyingi. Alifariki mwaka 2012 akiwa bado kwenye kazi hiyohiyo. Waliokuwa wakimcheka mwaka 1973 wasingeweza kujua, na hata waliomwamini walikuwa wanaamini tu. Ilibidi miaka ipite.

Hapo ndipo lilipo jibu langu, mwanangu. Ukiwa umekaa mbele ya mtu gerezani huwezi kujua, na wala hukutumwa kupima. Ulichotumwa ni kurudi. Toba ya mtu inaonekana kwa muda, na muda wa gerezani ni mrefu mno kwa mtu asiyetembelewa.

Soma habari za Yusufu. Watu wanapenda kuhubiri ndoto zake na kupanda kwake cheo, lakini mimi mstari unaonishika ni ule wa mwisho wa sura ya 40 ya Mwanzo: mkuu wa wanyweshaji hakumkumbuka Yusufu, alimsahau. Ukurasa unaofuata unasema ilipita miaka miwili mizima. Mtu ambaye Yusufu alimtabiria mema, aliyekula naye jela moja, alitoka akamsahau! Wafungwa wakisomewa sura hiyo hawahitaji mahubiri. Mahabusu ndio wanaoielewa kuliko wote. Hawajahukumiwa, kosa kama mauaji halina dhamana, na kila wakipelekwa mahakamani wanarudi na maneno yaleyale: kesi imeahirishwa, upelelezi haujakamilika. Anayekuambia hivyo hakuombi umtafsirie sheria, anataka kuona kama Jumamosi ijayo utakuja.

Kwa hiyo kama unataka kwenda mara moja ili uone, uguswe moyo na usimulie kanisani, usiende. Nakuambia kwa upendo lakini nakuambia kabisa. Wameshaona vikundi vingi vya namna hiyo, vinaingia na spika kubwa wakati wa Pasaka halafu vinapotea hadi Krismasi. Afadhali mtu mmoja anayekuja na Biblia yake tu, lakini anakuja.

Taratibu za langoni utafundishwa na timu, nisikuchoshe. Kanisa linaandika barua kwa mkuu wa gereza, mnapeleka majina na vitambulisho, simu zinabaki nje, mnapekuliwa, mnasaini daftari. Heshimu askari. Wao wako humo kila siku na wengi wao wamechoka, na salamu njema ya langoni inafungua mengi. Usimpe mfungwa kitu mkono kwa mkono, na usipokee barua ya kutoa nje hata kama ni ya kwenda kwa mtoto wake. Mwelekeze kwa afande au kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Wewe kwa kazi yako utajaribiwa zaidi, maana utaona upele, utaona kikohozi, na utatamani kubeba dawa mfukoni. Usibebe. Mwambie askari wa zahanati ya gereza, tena mfuatilie kwa upole mpaka ashughulikie. Mambo ya kesi nayo waachie wenyewe, yaani mawakili na watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Usimwahidi mtu wakili usiyekuwa naye.

Halafu usiulize kosa. Atakayetaka kukuambia atakuambia, na siku hiyo usishtuke usoni. Huko Segerea utakuta akina mama wana watoto wachanga mgongoni. Mwulize mama habari za mtoto, jina lake na kama anaota meno, na mazungumzo yatakwenda yenyewe. Masheikh nao wana siku zao za kuwahudumia watu wao. Mkikutana langoni salimianeni vizuri, mambo ya kushindana dini humo ndani hayana nafasi.

Sasa hilo la kutubu kweli. Nimesema ndani huwezi kujua. Nje unaweza, ila unahitaji kuwepo, na hapa moyo wangu unauma.

Watu wengi hawafikirii kwamba wafungwa karibu wote watarudi nyumbani. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30. Kwa Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 mwenye tabia njema husamehewa theluthi moja, kwa hiyo aliyehukumiwa miaka 30 kwa kawaida hutoka baada ya 20. Atakwenda wapi? Atakuja kwetu, apange chumba Chang'ombe au Nkuhungu, atafute kibarua Majengo sokoni, na Jumapili aje kanisani, kwa sababu kule ndani tulimwita ndugu.

Alikuja mmoja, mwaka siutaji. Ndani alikuwa kiongozi wa maombi, ametulia, amesoma Biblia akaimaliza. Jumapili yake ya kwanza uraiani alivaa shati tulilomtafutia, akaketi benchi la nne. Habari zilikuwa zimeshamtangulia. Mama wa upande wake wa kulia akainua mkoba wake sakafuni akauweka mapajani. Mwingine akauhamishia upande wa pili. Hakuna aliyesema neno. Yule kijana aliimba nyimbo zote mpaka mwisho, akiangalia mbele. Jumapili ya pili alikuja. Ya tatu hakuja. Nilipomkuta stendi anabeba mizigo, aliniambia, "Mzee, kule ndani nilikuwa mtu."

Wapo waliotoka wakarudia wizi, sikufichi. Mmoja alipewa hifadhi na familia ya Kikristo, akaondoka na pikipiki yao. Watu wanamtaja huyo kila tunapoomba mchango wa huduma. Lakini yule wa benchi la nne hakuna anayemtaja, na yeye ndiye tuliyempoteza sisi kama kanisa, maana wa pikipiki aliondoka kwa mapenzi yake.

Na najua unachofikiri, kwa sababu ulikuwa hivyo tangu mdogo: na waliotendewa je? Ni sawa kuuliza, nami singependa binti yangu aingie gerezani akiwa amewasahau. Nikusimulie la wilaya ya Bahi. Mtu mmoja alimwua jirani yake katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Kifungo kilipokaribia kwisha alituambia hathubutu kurudi kijijini bila wenyewe kuulizwa. Tukaenda, mimi, mchungaji wa mtaa, balozi wa nyumba kumi, na mzee mmoja wa ukoo wake. Tukakalishwa chini ya mkwaju. Mjane wa marehemu alikuwa anabangua karanga. Mzee wa ukoo akaongea taratibu, akaeleza kilichotuleta. Mama yule aliendelea kubangua, maganda yanaanguka kwenye ungo, hakuinua uso. Mchungaji akaanza kufungua Biblia, nikamgusa mkono, akaifunga. Nani alikuwa na haki ya kumwambia mama yule asamehe, akiwa nyumbani kwake, baada ya yote yale?

Tukakaa. Mwishowe akauliza, "Amezeeka?"

Mzee akajibu, "Amezeeka."

Akabangua tena kidogo, kisha akasema, "Aje. Ila asipite njia ya kisimani asubuhi, nikienda kuchota maji."

Yule bwana alirudi. Hadi leo asubuhi anazungukia korongoni, ni mwendo mrefu kweli, na jua la Bahi unalijua. Hajapita njia ile hata mara moja, hata mama yule anapokuwa amesafiri kwa watoto wake. Sasa wewe ukiniuliza kama ametubu, nitakuambia habari za huo mzunguko wake. Wala hakuna mtu angeujua kama tungeishia kumpigia makofi siku alipobatizwa gerezani.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda. Lakini kabla hujaingia, mwulize mchungaji wako maswali mawili. Timu inakwenda mara ngapi kwa mwaka? Na mtu akitoka, nani anampokea? Kama la pili halina jibu, basi kazi yako ya kwanza iko hapo kanisani, si Segerea. Tafuteni hata familia tatu zitakazokubali kumkaribisha mtu chakula cha Jumapili, na fundi mmoja atakayekubali kumpa kazi. Waebrania 13 inasema tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao. Aliyefungwa pamoja nawe huwezi kumwachia langoni.

Ratiba yako naijua. Kama zamu za hospitali zinakuruhusu mara moja kwa mwezi, sema mara moja kwa mwezi. Usione haya wale wanaokwenda kila wiki. Waambie akina mama wa Segerea siku utakayorudi, na siku hiyo wakuone. Ukipata dharura, mtume mwenzako akawaambie kwa nini hukuja. Mambo ya sabuni yasikusumbue, peleka.

Mdogo wako anakuja huko Ijumaa na treni ya mwendokasi, mama yako amemfungia karanga na ubuyu, mpokee Stesheni. Akirudi, mpe miwani ya kusomea, ile ya bei rahisi ya Kariakoo, namba mbili na namba mbili na nusu, kadiri utakavyoweza. Nimeshaongea na afande, amekubali zipite ukaguzi. Kuna wazee Isanga wanaazimana miwani moja, na zamu ikimfikia wa mwisho, muda wa kusoma unakuwa umekwisha.

Baba yako