Uliza Shangazi: Mjukuu wa kike anajua kila kitu cha ukoo, kiti kapewa wa kiume

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 24, kwetu Mwakaleli huko Busokelo, ila kwa sasa nipo Mbeya mjini nauza vifaa vya simu. Babu yangu ndo alikuwa mkuu wa ukoo, amefariki mwaka jana. Nimelelewa naye, mimi ndo nilikuwa namwandikia lile daftari lake, nani kazaa nani, kaburi la nani liko chini ya mti gani, nani bado anadaiwa ng'ombe wa mahari. Baada ya matanga wazee wakakaa kikao wakasema nafasi ishikwe na kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, yeye yupo Dar miaka yote na makaburini hapajui. Mimi muda huo nipo jikoni napika chai ya kikao. Wakakwama kwenye jina la babu yake babu, wakaniita, nikaja nikalitaja na majina ya wadogo zake, mzee mmoja akasema "asante mwanangu, haya lete chai." Sababu yao eti mwanamke ataolewa. Halafu juzi kwenye simu nikaona Wamaori wa Nyuzilandi wana malkia ambaye walimtawaza akiwa na miaka 27 na kaka zake wapo. Wao walifanyaje? Nigombane na wazee au niache tu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Hiyo ya kuitwa kutoka jikoni kuwakumbusha jina halafu unatumwa chai nimeisoma mara mbili nikacheka kwa hasira.

Tuanze na Wamaori. Huyo uliyemwona ni Nga Wai Hono i te Po. Baba yake Mfalme Tuheitia alifariki tarehe 30 Agosti 2024, siku chache tu baada ya kusherehekea miaka 18 kwenye kiti, na tarehe 5 Septemba siku ya mazishi, pale Turangawaewae, makao ya kiti hicho mjini Ngaruawahia, binti akatangazwa. Ni mtoto wa mwisho, wa kike peke yake, na kaka zake wawili wapo hai wazima kabisa. Sasa watu wengi mtandaoni walishangilia wakadhani binti kapindua wazee, hapana, waliomchagua ni wazee wenyewe, lile baraza la watu 12 linalomshauri mfalme. Kiti cha Wamaori hakimwendei mtu mwenyewe kwa kuwa ni mtoto wa kwanza au kwa kuwa ni wa kiume, viongozi wa makabila wanakaa wanakubaliana nani apewe. Kwa kawaida kimebaki kwenye familia ileile tangu 1858 walipoweka mfalme wa kwanza ili makabila yaungane na ardhi isiishe kwa walowezi wa Kiingereza, lakini lazima watu wakubali.

Na binti hakuokotwa. Alisoma mpaka shahada ya uzamili ya mila na desturi za Kimaori Chuo Kikuu cha Waikato, akafundisha ngoma za kwao, na 2016 akachanjwa ile chale ya kidevuni wanayochanjwa wanawake wa Kimaori, ilikuwa kuadhimisha miaka 10 ya baba yake kwenye kiti. Yaani miaka yote hiyo wazee wanamwona. Tena hakuwa wa kwanza, bibi yake Te Atairangikaahu alishika kiti 1966 akakaa miaka 40 mpaka anafariki 2006. Na hapa ndo pale pa wazee wako pa "ataolewa": yule bibi aliolewa 1952, yaani alikuwa ni mke wa mtu tayari wakati anapewa kiti, na watoto alizaa saba. Mume alikuwepo na hakuna mto uliokauka.

Ila usidhani kule mambo ni laini. Mpaka leo kwenye makabila mengi ya Kimaori mwanamke hasimami kuhutubia wageni pale kwenye uwanja wa mikutano wa kabila, hiyo ni ya wanaume, japo wageni wenyewe hawaingii mpaka mwanamke apaze sauti ya kuwaita. Wanabishana kweli kuhusu hilo. Kulikuwa na mama mmoja zamani, Mihi Kotukutuku, mkubwa wa kabila la Te Whanau-a-Apanui huko pwani ya mashariki ambako wanawake wa ngazi yake walikuwa wanahutubia bila shida, akaenda Rotorua kwa watu wa Te Arawa, akasimama kuongea. Wanaume wakampigia kelele akae chini. Hakukaa. Alimaliza hotuba, kisha akawachambulia nasaba kizazi kwa kizazi mpaka ikaonekana yeye anatoka tawi la wakubwa na wao ni wa wadogo, na mwisho akawafanyia kile ambacho mama mtu mzima akikasirika sana anawafanyia wanaume, wasomaji wa Rungwe mnanielewa, siandiki zaidi hili gazeti linasomwa na watoto.

Nimekupa hicho kisa kwa sababu silaha yake ndo hiyohiyo uliyonayo wewe, anajua nasaba kuliko wanaomkemea. Kwa hiyo usiache, na usianze na ugomvi wa grupu la ukoo, pale kila mtu atakuwa shujaa. Anza na huyo kaka yako wa Dar, mpigie muulize kama hiyo nafasi anaitaka kweli, maana mimi nina wasiwasi kapewa bila kuulizwa na akisikia habari ya kuja kila msiba na kukusanya michango anaweza kukuachia mwenyewe. Halafu nenda kwa mashangazi wakubwa, dada zake babu kama wapo, kwenye koo zetu wale wakisema neno wazee hawalali. Kisha omba kikao na uingie ukiwa umekaa kwenye kiti, chai apike mwingine siku hiyo. Waulize wazi, je, babu aliacha neno kwamba lazima wa kiume, au ni mazoea? Wakikupa "ukatibu" angalia ni ukatibu wa kuongea au wa kuandika tu, ule wa kuandika tu ulishaufanya kwa babu miaka yote.

Daftari lipige picha kurasa zote leo. Usilifiche kuwakomoa, wape nakala, ila la babu libaki kwako.

SWALI: Shangazi unawaharibu watoto wa kike. Mila zetu Wahehe zinajulikana, uongozi ni wa mwanaume, hayo ya Wamaori wabaki nayo huko. Msomaji, Mafinga.

JIBU: Baba yangu kamwene. Kwa kina Mkwawa kiti kimeenda kwa wanaume na hata 2015 aliposimikwa chifu mpya alikuwa kijana mdogo wa kiume, sibishi. Lakini machifu hawana mamlaka ya kiserikali tangu 1963, huyo malkia wa Wamaori naye hana jeshi wala hakusanyi kodi, wote wanabaki na heshima na sauti. Sasa heshima na sauti mwanamke anashindwaje? Bunge letu lilishaongozwa na Anna Makinda wa hapo Njombe kwa jirani yako kuanzia 2010, akaja Tulia wa Mbeya, na wanaume walikuwa wanasimama wakiomba ruhusa ya kuongea. Na 2021 pale Kisesa, Mwanza, machifu wenyewe walimsimika Rais Samia wakamwita Hangaya. Ugomvi wako upeleke kwa machifu.

SWALI: Baba kafa, kaka zangu wanasema mila ya huku hairuhusu mwanamke kurithi shamba, na ni shamba la parachichi linaloingiza hela. Nifanyeje? Msomaji, Njombe.

JIBU: Dada hili usilichanganye na la kiti cha ukoo, hili lina sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Kaka zako hawawezi kujifichia kwenye mila. Nenda ofisi ya kijiji, omba shauri liende baraza la ardhi la kijiji wasuluhishe, lina wajumbe saba na si chini ya watatu lazima wawe wanawake, ukikuta wamekaa wanaume watupu uliza kwa nini. Nenda na cheti cha kifo na mtu wa jirani anayejua mipaka, na mirathi ifunguliwe mahakama ya mwanzo kabla hawajauza mavuno ya msimu huu.