Panchi ya Boksing Dei: usiichanganye usiku!

Shikamoo anti. Mimi msomaji wako wa hapahapa Tabora, Isevya. Mwaka huu zamu ya kupokea ndugu imeniangukia mimi, tarehe 26 Desemba wanakuja kama thelathini hivi, wengine wanashuka na treni kutoka Dar, na tumekubaliana hamna pilau la mchana, tufanye ile chai nzito ya saa tano asubuhi ambayo hawa wa Dar wanaiita branchi. Vitumbua, chapati, viazi, mayai, nyama ya kukaanga, vyote ninavyo kichwani. Shida yangu ni kinywaji. Kwa mume wangu ni Waislamu, kwetu walokole, kwahiyo pombe haikanyagi pale, ila nikiwapangia soda tupu itakuwa kama kikao cha mtaa. Nimeona kwenye simu kitu wanaita panchi, nyekundu, matunda yanaelea juu. Wiki iliyopita nikajaribu, nikatia kila tunda nililokuta sokoni kwenye blenda, ikatoka uji wa rangi ya matope, mume wangu akauliza hii dawa ya nini. Nisaidie anti, na blenda yangu ni ndogo na umeme wetu unaujua.

Marahaba mwanangu, na pole na hongera kwa zamu. Ngoja kwanza nimalize kucheka hapo kwenye dawa ya nini.

Haya. Kosa lako ni blenda. Embe ya njano, tikiti jekundu, parachichi (najua ulitia parachichi, usinifiche) ukisaga vyote pamoja lazima upate matope, hata angesaga mpishi wa hotelini. Panchi sio smuthi. Panchi ni maji yenye rangi, ukiinua glasi unaona mwanga upande wa pili, na matunda yanakatwakatwa yanaelea, hayasagwi mle ndani. Na wala sio pancha, maana juzi nilimtuma kijana dukani nikamwambia nataka vitu vya panchi akaniletea solusheni ya baiskeli.

Watu wanasema jina lenyewe lina asili ya Kihindi, panch, yaani tano, kwasababu ile ya zamani ilikuwa na vitu vitano: pombe, sukari, limau, maji na viungo. Sisi pombe tunaitoa na nafasi yake anakaa tangawizi, kwani pombe mle kazi yake ilikuwa kuchoma koo kidogo na hiyo kazi tangawizi anaiweza vizuri tu. Wengi wanaotoa pombe hawaweki kitu cha kukaa pale, ndo maana panchi zao zinaishia kuwa juisi ya sukari ambayo glasi ya pili huitaki.

Sasa kwa watu thelathini, kila mmoja glasi mbili za robo lita, unahitaji lita 15. Mimi nagawa hivi: lita sita za rozela (wengine mnaiita choya), lita tatu za nanasi, lita mbili za pasheni, lita tatu za soda ya tangawizi ambazo ni chupa tisa za kioo, halafu lita moja inayobaki ni barafu na embe. Embe nitakuja kuieleza, usianze kuimenya.

Rozela ndo inakupa ile rangi uliyoiona kwenye simu na ndo inakupa uchachu. Chemsha maji lita sita na kidogo, zima moto, ndo umwage vikombe vitatu vya rozela kavu, tangawizi mbichi kama vidole vinne umeiponda kwenye kinu na maganda yake (ioshe lakini), kijiti cha mdalasini na karafuu sita. Sita mwanangu, usizidishe, na zisilale mle, maana karafuu ikikaa usiku kucha wageni wataona kama wametoka kung'olewa jino. Funika dakika ishirini, chuja kwa kitambaa. Na ukionja ukaona chachu sana usije ukasikiliza mtu akakwambia tia magadi kupunguza. Ile rangi nyekundu inaishi kwenye uchachu, ukitia magadi inageuka zambarau inaelekea bluu mbele ya macho yako, hapo sasa mume wako atauliza tena.

Nanasi saga peke yake na maji kidogo, manne ya wastani yanatosha, chuja. Kwa blenda yako ndogo utarudia mara nyingi, vumilia. Pasheni kilo tatu, hii usiisage kabisa, ukisaga zile mbegu zinavunjika unapata mchanga mweusi na uchungu. Kamua na kijiko kwenye chujio, mimina maji yaliyochemshwa, sugua, mimina tena mpaka lita mbili zitimie. Bila blenda, bila umeme.

Embe sasa. Desemba hii Tabora embe zimejaa mpaka watoto wanazichezea mpira, na kila mtu anataka kuzitia kwenye juisi. Mimi siweki juisi ya embe kwenye panchi, ni nzito, inafanya ukungu na kile chekundu kinakuwa rangi ya matofali. Chukua zile zisizo na nyuzi, dodo au bolibo, zilizoiva ila bado ngumu kidogo, kata vipande kama dadu, panga kwenye trei zisigusane, gandisha siku mbili kabla. Hizo ndo barafu yako. Zinapoza bila kuongeza maji na zikiyeyuka mgeni anakuta embe chini ya glasi anaichota na kijiko. Dada yangu mmoja mwaka juzi alimaliza panchi akabaki anagongagonga glasi kwenye kiganja kutafuta ya mwisho, na ni mtu mzima ana wajukuu.

Utamu: asali. Upo Tabora mwanangu, mkoa ambao watu wanatoka mbali kuja kununua asali, halafu unapiga simu kuuliza bei ya sukari? Ila asali kwenye kitu cha baridi haiyeyuki, inashuka chini inakaa kama gundi, kwahiyo ikoroge kwenye rozela ikiwa bado vuguvugu, anza na vikombe viwili, onja, ongeza. Nunua ile isiyonuka moshi, onja kabla hujalipa. Na ya nyuki wadogo usipoteze humu, ile ni ghali na ina uchachu wake, iache ya kikohozi. Kama kuna mtoto hajatimiza mwaka mmoja asipewe, hata kijiko, asali kwa mtoto wa umri huo ni hatari, sio mambo ya kienyeji haya, madaktari wanasema hivohivo.

Sasa sikiliza hapa kwenye kichwa cha habari maana hili lilinikuta mimi. Idi moja nilijiona mjanja, nikachanganya kila kitu saa tatu usiku, nanasi, pasheni, sukari, nikafunika sufuria nikaiacha mezani kwasababu friji ilikuwa imejaa nyama. Usiku ule joto la kutosha. Asubuhi nafunua nakuta povu jembamba pembeni, nikajiambia ni povu la nanasi tu. Ba'mkubwa wangu ni Alhaji, akapewa glasi ya kwanza kwa heshima. Akanywa funda moja, akaiweka chini taratibu, akaisogeza mbali na mkono wake kama unavyosogeza kisu mbele ya mtoto, akaniangalia, hakusema neno. Mpaka leo nikimpelekea chochote kwenye glasi ananusa kwanza. Juisi ya tunda yenye sukari ikilala kwenye joto inachacha, na kuchacha ndo mwanzo wa pombe, hakuna haja ya kutia kitu. Kwa nyumba yenye Waislamu na walokole hilo sio jambo dogo.

Kwahiyo fanya hivi: rozela ipike tarehe 25 jioni, ikipoa iingie kwenye friji peke yake. Nanasi na pasheni saa tatu asubuhi ya siku yenyewe. Changanya saa nne na nusu. Soda inaingia mwisho kabisa, wageni wakiwa wanavua viatu mlangoni, imimine taratibu pembeni ya chombo na usikoroge kama ugali, gesi yote itaondoka. Umeme ukikatika, chupa za rozela zivingirishe gunia lililolowa maji uziweke kivulini penye upepo, au zitie kwenye maji ya mtungi, hazitakuwa barafu ila zitapoa. Ukipata deli la kuazima ndo bora zaidi. Barafu ya kununua mitaani, usiitie ndani kama hujui maji yake, izungushie nje ya chombo tu, na ukiinyunyizia chumvi inapoza zaidi. Ya ndani gandisha mwenyewe kwa maji yaliyochemka.

Chombo: usitumie sufuria ya bati wala alminiamu kuhifadhi, uchachu unakula ile bati na ladha inakuwa ya sarafu. Ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye koki, ile tuliyonunua wote wakati wa korona, inafaa sana, ila mwanangu nunua mpya, isiwe ya kunawia. Na matunda usiyatie mle, yataziba koki na utakuta shemeji anachokoa na kijiti mbele za watu. Weka bakuli pembeni lenye embe zako, vipande vya chungwa na majani ya nanaa, kila mtu ajitilie. Chungwa likate asubuhi hiyohiyo, likilowekwa usiku lile ganda jeupe linatoa uchungu. Ndizi hapana, zinakuwa nyeusi.

Anti habari za kazi. Nipo Ujiji. Nilifanya panchi ya maziwa, nanasi na maziwa ya paketi, nikaiweka kwenye friji ya jirani. Baada ya saa mbili imekatika mabonge na ni chungu kama mwarobaini. Maziwa hayakuwa mabovu, tuliyobakiza tulinywea chai. Jirani anasema nimerogwa.

Nzuri mdogo wangu, mwambie jirani aache. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, hichohicho ndo kinakuwasha ulimi ukila nanasi nyingi, na ndicho kinalainisha nyama. Kikikutana na maziwa kinayakatakata mpaka yanatoa uchungu, na ule uchachu wa nanasi ndo unayafanya yagande. Chemsha juisi ya nanasi itokote dakika chache, ipoe kabisa, kimeng'enya kinakufa kwa moto. Uchachu haufi, kwahiyo itaendelea kukatika kidogo. Kwako huko mimi ningetumia tui la nazi badala ya maziwa, au niache nanasi nitumie embe, na miembe Ujiji haijakosekana tangu kabla Stanley hajamkuta Livingstone mwaka 1871.

Anti, baba mkwe ana kisukari. Nikimtengenezea panchi ya matunda matupu bila sukari si ni salama?

Hapana mama. Sukari ya tunda ni sukari, na ukiikamua unamnywesha machungwa matano kwa funda nne bila nyuzinyuzi zake. Mtengee jagi lake la rozela na tangawizi na limau, baridi, bila asali, glasi ileile nzuri na jani la nanaa juu asionekane mgonjwa mezani. Kama anameza dawa za presha muulize daktari wake kwanza, rozela nyingi inaweza kushusha presha.

Ikibaki nifanyeje? (huyu hakuandika anatoka wapi)

Haibaki. Ila ikibaki, imimine kwenye vifuko vya barafu siku hiyohiyo, funga fundo, gandisha. Kesho watoto wa mtaa mzima watakuwa mlangoni kwako na midomo myekundu.