Re: SOD2 haibadiliki hata nikipunguza oksijeni

Habari mkuu. Umesema umeziweka seli za 786-O (seli za saratani ya figo) kwenye oksijeni ya asilimia 1 kwa saa 24, na kimeng'enya cha SOD2 kimebaki kama kilivyokuwa. Usizitupe sampuli zako kwanza.

Anza kuangalia aina ya seli. 786-O hazina protini ya VHL inayofanya kazi, na VHL ndiyo inayoipeleka HIF (protini inayowasha jeni oksijeni ikipungua) ikaharibiwe oksijeni inapokuwapo. Kwa hiyo HIF-2 alfa imejaa humo muda wote, hata kwenye hewa ya kawaida, na HIF-1 alfa hazina kabisa. Kama ni HIF inayoigusa SOD2, basi ukipunguza oksijeni huenda usione badiliko. Yaani seli zako ziliishi "bila oksijeni" kabla hujazigusa! Rudia na 786-O zilizorudishiwa VHL, au Caki-1 ambazo VHL yao ni nzima, uzilinganishe bega kwa bega.

Halafu kuna mikono yetu. Hapa Dar nilihangaika wiki tatu kwa sababu nilikuwa nazitoa sahani nje, naziosha taratibu, ndipo navunja seli. HIF ikikutana na hewa haimalizi hata dakika kumi. Sasa navunjia humohumo ndani ya chemba ya oksijeni kidogo, bafa ya kuvunjia ikiwa imeshalala humo usiku kucha pamoja na maji ya kukuzia seli. Na umeme ukikatika katikati ya jaribio, hata kwa dakika chache, naanza upya. Inauma, lakini namba zake huwezi kuziamini.

Ukipata picha ya blot ya HIF-2 alfa ya pande zote mbili, seli zenye VHL na zisizo nayo, iweke hapa tuitazame.