Barua kwa mwanangu: aliyeshika spika naye ametengeneza video

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi tu wazima, na bibi yako goti limempungua maumivu. Ujumbe wako nimeupata na video yenu ya wimbo, ile kazi ya darasa, nimeitazama, kwanza bila sauti, kisha na sauti, maana ndivyo nilivyozoea miaka yote ya kuhariri. Umeniuliza hivi: "Mama, tulikuwa watano, lakini mwalimu anataka kila mmoja aandike tafakuri yake peke yake. Nitaiandikaje kazi ya watu watano kwa jina langu? Na yule wa tano alikuwa anashika spika tu, nimtajeje bila kumharibia?"

Nianze na huyo wa spika, kwa sababu kazi yake nimeiona kila mahali kwenye video yenu.

Rudia ile shoti ya mbali ya ubeti wa kwanza. Mwimbaji amesimama peke yake kwenye mchanga wa Bagamoyo, kamera iko juu kwenye minazi, lenzi imemvuta, na midomo yake inakwenda sawasawa na wimbo. Mtazamaji hawezi kujua kwamba hapo pana kazi: wimbo uliokwisha kurekodiwa unachezwa kwenye spika, na mwimbaji anaufuata kwa midomo. Wewe uliyekaa na kompyuta ukihariri unajua. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Mtu akisimama mita 34 kutoka kwenye spika, wimbo unamfikia ukiwa umechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazounda video, hizo ni fremu mbili na nusu. Jicho linaligundua hilo hata kama mwenye jicho hawezi kulieleza. Anaona tu kwamba huyu mtu haimbi kweli.

Ndiyo maana mwenzenu alichukua spika akaenda kujilaza nayo nyuma ya ngalawa iliyopandishwa mchangani, hatua chache kutoka kwa mwimbaji, ili wimbo umfikie kwa wakati na upepo usimeze biti. Hapo sasa iliyobaki mbali ni kamera, na sauti iliyonaswa na kamera ndiyo iliyochelewa. Ukioanisha picha na wimbo kwa kufuata sauti ya kamera peke yake, midomo inatangulia. Umeniambia ulichelewesha picha kwa fremu tatu ikakaa. Uliwezaje kujua haraka hivyo? Kwa sababu kwenye daftari lake alikuwa ameandika: "Shoti ya mbali, spika iko kwa mwimbaji." Mstari huo mmoja ndio uliokuokoa.

Halafu kiitikio. Kanga inapepea polepole huku midomo ikifuata wimbo kwa kasi yake ya kawaida. Hilo halitokei hivi hivi. Picha zinarekodiwa kwa fremu 50 kwa sekunde, wimbo unachezwa kwa kasi maradufu, mwimbaji anaimba mbiombio. Ukiirudisha picha kwenye fremu 25, mwendo unapungua kwa nusu na midomo inarudi kwenye wimbo. Lazima mtu awe ameandaa toleo hilo la wimbo kabla ya kwenda lokesheni, na ameweka milio mwanzoni ili mwimbaji ajue pa kuanzia. Umeniandikia mwenyewe kwamba ni yeye aliyekesha akiliandaa kwa kompyuta ya kuazima. Mwanangu, huyo hakuwa "anashika spika tu". Huyo ndiye aliyekuwa na dhamana ya sauti kwenye kazi ambayo roho yake ni sauti, na ningependa hilo neno "tu" lisionekane kwenye karatasi yako.

Sasa, kuhusu namna ya kuandika. Usianze na "umoja ni nguvu" wala "kidole kimoja hakivunji chawa". Ni maneno ya kweli, lakini mwalimu wako amekwisha kuyasoma kwa kila kundi, na hayamwambii lolote kuhusu video hii. Wala usimpangie orodha ya majukumu: fulani alikuwa mwongozaji, fulani mpiga picha, fulani mavazi. Hayo yamo tayari mwishoni mwa video. Chukua shoti chache na uzifuate tangu zilipokuwa wazo hadi zilipofika kwenye skrini, na kila palipokuwa na uamuzi, sema nani aliutoa na kwa sababu gani. Ukifanya hivyo kwa ukweli, wenzako wote wanne watajitokeza wenyewe, kila mtu mahali pake, na wewe utabaki mahali pako.

Kama ni mimi ningeandika, ningekaa sana kwenye ile siku ya ubeti wa pili, kwa kuwa hapo ndipo nilipowaona mkiwa kundi. Ubeti wa kwanza mliurekodi saa nne asubuhi, siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yamekupwa na mchanga umefunguka hadi mbali. Mkarudi baada ya wiki, saa ile ile, mkiamini mtaikuta bahari ile ile. Kumbe maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo baada ya siku saba saa ya kupwa imegeuka kuwa saa ya kujaa. Pale alipokuwa amesimama mwimbaji pamekuwa bahari. Mwongozaji akataka msubiri yakupwe. Binti wa mavazi, aliyekulia Pangani, akamwambia mtasubiri hadi alasiri. Mpiga picha naye akaongeza kwamba alasiri jua litakuwa limehamia nyuma ya minazi, wakati ubeti wa kwanza ulipata nuru ya upande wa bahari, na vipande hivyo viwili havitaungana.

Ndipo mlipofanya jambo ambalo bado linanifurahisha. Mliacha kupigana na maji. Wimbo ni wa mtu aliyeachwa pwani na mwenzake aliyesafiri. Ubeti wa kwanza amesimama pakavu, ubeti wa pili yuko pale pale na maji yamemfika magotini. Bila neno hata moja, mtazamaji anaelewa kwamba siku zimepita na huyu bado anangoja. Maana hiyo haikuwemo kwenye mpango wenu wa karatasi. Imeletwa na binti aliyejua maji, mpiga picha aliyejua nuru, na mwongozaji aliyekubali kuuacha mpango wake mbele ya wenzake, jambo ambalo si jepesi kwa kijana yeyote. Uandike mpango ulivyokuwa, kilichoukwamisha, alichosema kila mtu, na mlichokiamua. Usiuite mkosi. Na usiandike "tuliamua" kila mahali, kwa maana kundi halifungui mdomo. Kuna mtu alisema kwanza, na kuna mtu alipinga.

Kazi yako pia uiandike bila kuificha, maana unyenyekevu uliopitiliza nao unapotosha. Wimbo wenu una mapigo 100 kwa dakika. Kwa fremu 25, kila pigo ni fremu 15, na mapigo manne ni fremu 60. Katika toleo la kwanza ulilonitumia ulikuwa unakata karibu kila pigo, macho yangu yakachoka kabla ya kiitikio. Katika toleo la mwisho umeziacha shoti za baharini zikae fremu 120, ukakata haraka kwenye kiitikio peke yake. Umeniambia mwongozaji ndiye aliyekushikilia upunguze, mkabishana hadi hamkusalimiana siku nzima. Ubishi huo uuweke. Eleza ulichokuwa unaogopa, kwamba watu wataichoka picha iliyotulia, na eleza alichokuwa anakitetea yeye, kwamba anayengoja hana haraka. Halafu sema ulipokaa peke yako na kuzitazama zote mbili uliona nini. Mimi nasema yeye alikuwa sahihi kwenye beti, na wewe ulikuwa sahihi kwenye kiitikio, na video imepona kwa kuwa hakuna aliyepata yote aliyoyataka.

Yule binti wa mavazi, aliyeshughulikia pia vibali, mpe aya fupi kwa kazi hiyo, lakini mpe. Aliyekwenda kwa watu wa soko la samaki kuomba ruhusa kabla kamera haijatolewa kwenye mkoba, na aliyepata karatasi iliyosainiwa na mwimbaji pamoja na prodyuza wa biti, ndiye anayewawezesha kuionyesha video hii nje ya darasa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ya mwaka 1999, haiulizi kama nyinyi ni wanafunzi mtakapoanza kuirusha hadharani.

Kuhusu watazamaji mliowaonyesha, usiandike kwamba waliipenda. Andika walichoelewa. Umenieleza kwamba dada yule wa bwenini alidhani mwenzake wa mwimbaji amezama baharini, hakusafiri. Hilo ni jambo kubwa sana! Kiitikio kinasema amekwenda, lakini picha zenu zote ni za maji, na mahali popote hatumwoni akiondoka. Kama mngekuwa na siku moja zaidi, shoti ya begi na basi ingetosha. Sema hivyo waziwazi, na useme ni nani aliyewahi kuipendekeza shoti hiyo ikaachwa kwa kukosa muda, kama yupo.

Ukimaliza, mpelekee mwenye daftari sehemu inayomhusu aisome kabla hujaiwasilisha. Kama umekosea siku au mpangilio wa mambo, yeye ndiye mwenye kumbukumbu. Na umwombe, ukimwona, kama anaweza kunitumia picha ya kurasa zake. Vijana wanaoanza kazi hapa kwetu sijapata kuwaonyesha daftari la lokesheni lililoandikwa vizuri namna hiyo, na ningependa walione.

Nimekutumia nauli kidogo kwa simu. Bibi anauliza kama utakuja Idi.

Akupendaye,
Mama yako