Gramu 0.85 za kafeini kutoka gramu 20 za kahawa: mbona imezidi?

Swali

Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya kwanza ya kemia, na mradi wangu ni kutoa kafeini kwenye robusta ya Bukoba. Nilichemsha gramu 20 za kahawa iliyokaangwa na kusagwa katika mililita 200 za maji, nikatia sodiamu kaboneti, nikachuja kwa kitambaa, kisha nikatikisa kwa nguvu pamoja na mililita 90 za dikloromethani, kiyeyushi kisichochanganyika na maji. Kati ya tabaka mbili ukajitokeza ute mzito uliokataa kutengana mpaka kesho yake. Nilipokausha nikapata gramu 0.85 za kitu cha kahawia chenye ukijani, kinanata. Maji ya kahawa yenyewe, kabla ya dikloromethani, niliyapima kwa spektrofotomita kwenye nanomita 273 na hesabu ikatoa asilimia 4.3. Msimamizi wangu amezikataa namba zote mbili. Tatizo liko wapi? Na je, njia hii naweza kuitumia kwa majani ya pakanga?

Jibu

Marahaba. Msimamizi wako ana haki ya kuzikataa, na nafurahi kwamba umeuliza kabla ya kuziandika kwenye ripoti.

Robusta kwa kawaida huwa na kafeini kiasi cha asilimia 2.2 ya uzito mkavu. Arabika, kama ile ya Kilimanjaro, huwa karibu asilimia 1.2. Kwa hiyo gramu 20 zako zina takriban gramu 0.44, na hiyo ni kama kafeini yote imetoka, jambo ambalo halitokei. Ungeniambia umepata gramu 0.3 ningekupongeza. Gramu 0.85 maana yake karibu nusu ya ulichopima, au zaidi, si kafeini.

Huko kunata kunaniambia ni mafuta. Robusta ina mafuta kama asilimia 10, kwa hiyo kwenye sampuli yako yalikuwemo gramu 2 hivi. Maji ya moto hayayayeyushi, lakini huyabeba kama vitone vidogo vidogo, na kitambaa hakizuii vitone wala unga laini. Dikloromethani ikifika hapo haichagui: inachukua kafeini na mafuta pamoja. Chuja kwa karatasi ya kuchujia uliyoilowesha kwanza kwa maji, acha mchujo upoe kabisa, kisha uchuje tena. Ukiwa na heksani, anza nayo mwanzoni kabisa: losha unga mkavu kwa heksani, mimina heksani pembeni, kausha unga, ndipo uchemshe. Heksani hubeba mafuta na huiacha kafeini karibu yote mahali pake.

Mafuta hayo, kwa njia, usiyadharau. Yana kafestoli, ambayo hupandisha kolesteroli kwa wanywaji wa kahawa isiyochujwa. Robusta ina pia ndugu yake, 16-O-methilikafestoli, ambayo kwenye arabika ni kidogo mno. Maabara za ukaguzi huitafuta hiyo ili kumkamata mfanyabiashara anayeuza arabika iliyochanganywa na robusta. Kwa mwanafunzi anayetafuta mradi wa mwaka ujao, hapo pana kazi nzuri.

Sasa ule ute wa katikati. Wanafunzi wengi huandika kwamba sodiamu kaboneti "huikomboa" kafeini, kwa sababu wamesoma hivyo kuhusu alkaloidi nyingine, yaani kemikali za mimea zenye nitrojeni. Kwa kwinini ya magome ya msinchona, kama ile inayotoka Kivu, maelezo hayo ni sahihi: kwinini ni besi ya kweli, hukaa kwenye mmea kama chumvi, na bila besi kali kuliko yenyewe haitoki kuingia kwenye kiyeyushi. Kafeini ni besi dhaifu kupindukia. Ndani ya kikombe cha kahawa iko huru tayari. Kaboneti inafanya kazi nyingine. Inazigeuza tanini na asidi za klorojeniki, ambazo nazo zimo kwenye kahawa, kuwa chumvi zinazopenda maji, ili zibaki kwenye maji wakati kafeini inahama. Gharama yake ni kwamba baadhi ya chumvi hizo hufanya kazi ya sabuni. Ukizitikisa kwa nguvu pamoja na dikloromethani na vitone vya mafuta, unapata ute ule ule uliouona.

Dawa yake ni mkono mpole. Pindua faneli ya kutenganishia taratibu, mara nyingi, badala ya kuitikisa. Ongeza chumvi ya kawaida kwenye maji mpaka karibu yashibe. Tabaka zitatengana haraka na kafeini itasukumwa zaidi upande wa kiyeyushi. Ute ukitokea hata hivyo, pitisha tabaka la chini kwenye pamba iliyofunikwa na sodiamu salfeti isiyo na maji. Kama unatumia magadi ya dukani badala ya kaboneti ya maabara, acha: yamechanganyika na bikaboneti na chumvi nyingine, na hutajua umetia kiasi gani.

Halafu hizo mililita 90 kwa mkupuo mmoja. Kwenye joto la chumba mililita moja ya maji huyeyusha kafeini kama miligramu 22, na mililita moja ya dikloromethani kama miligramu 140. Chukua uwiano wa 6. Mililita 90 mara moja dhidi ya mililita 200 za maji zitakutolea asilimia 73 ya kafeini. Mililita 30 mara tatu, kiyeyushi kile kile bila tone la ziada, zitakutolea asilimia 85. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kwenye ripoti. Msimamizi atajua umeelewa.

Tahadhari moja isiyo ya kuruka: dikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40. Ukiimimina kwenye kahawa yenye joto, mvuke utasukuma kizibo cha faneli. Poza maji hadi chini ya nyuzi 20, fungua koki kila baada ya mipinduo michache, fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa. Kiyeyushi hiki hupenya glavu nyembamba za maabara kwa dakika chache tu, na mwili ukikivuta hukigeuza kuwa kaboni monoksidi. Marekani mwaka 2024 ilipiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi yake. Kama chuo chako kina ethili aseteti, iombe. Hutoa kafeini kidogo zaidi kwa kila mkupuo lakini mapafu yako yatakushukuru.

Ukishapata unga mkavu, usafishe kabla ya kuupima. Kafeini ina tabia ya kupaa ikawa mvuke bila kuyeyuka kwanza, kuanzia kwenye nyuzi 178 hivi, na kuganda tena juu ya kioo baridi kama sindano nyeupe. Mafuta na uchafu wa rangi hubaki chini. Kwa tabia hiyo hiyo, kiwango cha kuyeyuka, ambacho ni karibu nyuzi 236, kipime kwenye kapilari iliyozibwa pande zote mbili, la sivyo sampuli itakutoroka kabla hujasoma. Usitegemee kipimo cha Mayer, ambacho hutambua alkaloidi kwa kuzigandisha: kafeini ni mojawapo ya zile zisizoganda humo, na wapo waliohitimisha kwamba kahawa yao haina kafeini kwa sababu hiyo.

Nije kwenye asilimia 4.3, ambayo kwangu ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa imetoka kwenye mashine na inaonekana ya kuaminika. Kafeini hufyonza urujuanimno kwa wingi zaidi kwenye nanomita 273, hilo ni kweli. Lakini asidi za klorojeniki, zenye kilele chao karibu na 325, hufyonza pia kwenye 273, na trigonelini, kemikali nyingine ya kahawa, hufyonza jirani kabisa. Mashine imejumlisha vyote, wewe ukauita mjumuisho huo kafeini. Kuna njia rahisi ya kujikagua: soma sampuli ile ile kwenye 325. Kafeini safi haifyonzi kitu hapo. Ukiona usomaji mkubwa, ujue kuna wageni, na namba yako ya 273 haina thamani mpaka uwatoe. Pima mchujo wa dikloromethani uliosafishwa, ukilinganisha na myeyusho wa kafeini safi uliotengenezwa kwa dikloromethani ile ile, angalau viwango vitano.

Kama chuo kina kromatografia ya majimaji yenye mgandamizo mkubwa, yaani HPLC, hata hiyo dikloromethani huihitaji. Kiwango cha kimataifa ISO 20481 huchemsha kahawa na maji na magnesiamu oksidi, huchuja, na huingiza moja kwa moja kwenye safu ya C18, yaani bomba lenye chembe zinazotenganisha kemikali, kwa mchanganyiko wa maji na methanoli. Safu ndiyo inayowatenganisha wageni. Ningekuwa wewe ningepima sampuli moja kwa njia zote mbili na kuziweka namba hizo kwenye jedwali moja.

Kuhusu pakanga: hapana, si kwa njia hii. Atemisinini, dawa ya malaria iliyomo kwenye pakanga, haipendi maji, na joto la kuchemsha huiharibu. Tu Youyou na wenzake nchini China walifanikiwa walipoacha kuchemsha na kutumia etha kwenye joto la chini, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wewe tumia heksani kwenye majani makavu, bila kuzidisha joto. Ugumu mwingine ni wa kupima: atemisinini karibu haifyonzi urujuanimno, hivyo spektrofotomita yako haitaiona vizuri, na utahitaji kigunduzi cha namna nyingine, hasa cha masi. Kama unataka mmea wa pili ulio rahisi, chukua karafuu. Vikonyo vyake hukenekwa kwa mvuke kule Wawi, Pemba, na yujenoli iliyomo, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, hufyonza urujuanimno bila shida kwenye nanomita 280 hivi.

Unga ulionao sasa usiutupe: uoshe kwa heksani baridi kidogo kidogo mpaka heksani itoke bila rangi, ukaushe, upime tena. Usiuonje, hata ukishakuwa mweupe. Gramu chache za kafeini humdhuru mtu mzima vibaya, na wako una mabaki ya kiyeyushi. Dikloromethani iliyotumika isiende kwenye sinki. Ikusanye kwenye chupa ya taka zenye klorini, iandike tarehe na yaliyomo, umkabidhi fundi wa maabara.