Jibu: Mahindi yamekuwa njano baada ya kufukia mabua

Habari mkuu. Unasema ulifukia mabua ya mtama hapo Chamwino badala ya kuyachoma, na sasa mahindi ni njano. Kwanza angalia majani ya chini: njano ikianzia nchani na kushuka katikati ya jani kama V, ni upungufu wa nitrojeni. Mabua yana kaboni tele lakini nitrojeni kidogo, hivyo vijidudu vinavyoyaozesha huchukua nitrojeni ya udongo. Vikifa itarudi, lakini mahindi hayasubiri na mvua zetu ni msimu mmoja. Weka urea (mbolea ya nitrojeni) kidogo udongo ukiwa na unyevu, uifukie. Kwangu Kongwa mabua hupitia zizini kwanza: ng'ombe wanakula, yanayobaki yanalowa mkojo, yanaoza, ndipo yaende shambani. Kuchoma usirudie, nitrojeni nyingi hupaa na moshi.