Maswali na Majibu: Amplifaya ya Gitaa, Jukwaani na Nyumbani

Swali: Amplifaya yangu ya wati 50 inamezwa na ngoma. Nikinunua ya wati 100, nitasikika maradufu?

Jibu: Hapana. Kuongeza wati maradufu hukupa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na ili sikio lione kwamba sauti imekua mara mbili unahitaji takribani mara kumi ya nguvu uliyonayo. Kabla ya kutoa fedha, ichunguze spika, kwa kuwa spika yenye unyeti wa desibeli 100 kwa wati moja katika umbali wa mita moja, ikichukua nafasi ya yenye desibeli 97, huleta faida ileile. Kisha iinue amplifaya kutoka sakafuni na uielekeze kichwani mwako. Spika ya inchi 12 huzitupa sauti za juu mbele yake kama mwali mwembamba, hivyo mpigaji ambaye amplifaya yake imekaa nyuma ya magoti huendelea kuongeza sauti akidhani hasikiki, ilhali walioketi mstari wa mbele wanaumia masikio. Nimeliona kosa hili mara nyingi kuliko jingine lolote, na kulirekebisha hakugharimu chochote.

Swali: Nichague amplifaya ya valvu (mirija ya kioo ya kielektroniki) au ya transista kwa maonyesho ya ukumbini?

Jibu: Ikiwa ukumbi una mixa na maiki ya kuweka mbele ya spika yako, amplifaya ya valvu ya wati 15 hadi 30 inatosha, kwa maana kazi ya kuwafikia wasikilizaji wa mwisho ni ya spika za ukumbi. Mkwaruzo mtamu wa valvu hutokea zinapokaribia kikomo cha nguvu zake, na amplifaya ya wati 100 iliyobanwa ipige kwa sauti ya chini haifiki huko kamwe. Unayependa mlio safi na pedali nyingi za kubadili mlio usiione transista kuwa chaguo la asiye na uwezo: Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975 ikiwa na spika mbili za inchi 12, ilijijengea heshima kwa mlio huo hasa. Valvu nazo huchakaa, kwa hiyo beba za akiba pamoja na fyuzi.

Swali: Nitarekodi vipi nyumbani usiku bila kuwaamsha majirani?

Jibu: Wengi huchomeka gitaa moja kwa moja kwenye kompyuta, kisha hushangaa mlio wenye mkwaruzo unapotoka mkali kama nyuki waliofungiwa kopo. Sababu ni kwamba spika ya gitaa hupunguza sana sauti zilizo juu ya hezi 5,000 hivi, na ukiiondoa spika umeuondoa mchujo huo. Tumia programu inayoiga amplifaya pamoja na sanduku la spika, na uchomeke gitaa katika tundu la kifaa cha kurekodia lililotengwa kwa ajili ya gitaa, ambalo kwa kawaida lina ukinzani wa karibu omu milioni moja. Tundu la kawaida hufifisha mlio. Mchana, ukiwa na nafasi ya kupiga kwa sauti, weka maiki kama Shure SM57 sentimita chache mbele ya spika, ukianzia pale kitovu cha spika kinapokutana na koni, yaani sehemu yake inayotetema. Ukiisogeza kuelekea pembeni, mlio unakuwa mzito na laini zaidi. Isogeze kidogo kidogo ukisikiliza kabla hujagusa kitufe chochote.

Swali: Naweza kuzima spika ya amplifaya ya valvu na kutumia hedifoni pekee?

Jibu: Usiichomoe spika kabisa, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu au umeunganisha kifaa kinachopokea nguvu ya amplifaya badala yake, yaani kinachokuwa mzigo wake. Valvu zikifanya kazi bila mzigo, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Zingatia pia omu (ukinzani wa spika) zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Kwa transista, spika yenye omu pungufu kuliko kiwango hicho huvuta umeme mwingi kupita kiasi.

Swali: Gitaa kavu lenye kinasa mtetemo cha piezo linafaa kwenye amplifaya ya gitaa la umeme?

Jibu: Litalia, ila kwa mlio mfinyu, maana amplifaya hiyo imekusudiwa kukata zile sauti za juu ambazo gitaa kavu linazihitaji. Tafuta amplifaya ya gitaa kavu, au pitisha gitaa kwenye priampu (kikuza sauti cha awali) kisha kwenye mixa. Likianza kuvuma, ziba tundu la gitaa kwa kifuniko cha mpira, kisha punguza masafa yale tu yanayovuma.